Mwongozo kamili: kumtengeneza mhusika wa pembeni na kurekodi odisheni ya redio na ya TV kwa simu yako tu

Klipu nyingi za odisheni (majaribio ya kuomba nafasi ya kuigiza) mnazonitumia zina tatizo moja. Mtu kapewa acheze mlinzi wa geti, mistari sita tu, yeye analia. Anapiga magoti, anapandisha sauti mpaka simu inakwaruza, machozi yanamwagika, na nikimaliza kuangalia sijui nimemuona mlinzi au mfiwa. Alafu swali linalofuata ni lile lile, mbona hawajanipigia?

Hawajakupigia kwasababu hawakuwa wanatafuta mtu wa kulia. Walikuwa wanatafuta mlinzi. Muongozaji anaetafuta mwenye nyumba, mganga, shangazi mchonganishi, mjumbe wa mtaa au mama ntilie anataka mtu aje na huyo mhusika ameshakamilika, na aweze kumrudia yule yule kesho, keshokutwa na msimu ujao bila kubadilika. Ukiweza hilo utafanya kazi miaka mingi kuliko hao mastaa wa kwenye mabango, maana kila tamthilia inahitaji watu wa pembeni na hao wazuri ni wachache mno.

Soma mpaka mwisho kwanza, ndo uanze hatua ya 1. Usiruke ukaenda kwenye kamera, nawajua.

## Vitu vya kuandaa

- Simu yenye kamera nzuri ya nyuma na nafasi ya kutosha ndani.
- Stendi ya simu. Kama huna, meza na mrundo wa vitabu mpaka simu ifike usawa wa macho yako.
- Hedifoni za waya, za kusikilizia ulichorekodi.
- Blanketi mbili nzito au godoro.
- Daftari na penseli. Penseli, sio peni, utafuta sana.
- Nguo ya rangi moja isiyo na maandishi wala mistari mistari.
- Mtu mmoja wa kukusomea upande wa pili. Hapa hamna mbadala, tafuta ndugu, jirani, yoyote anaejua kusoma bila haraka.
- Kipande cha skripti. Kama huna tumia hiki nilichokuandikia, kinatosha kabisa kwa mazoezi:

MPANGAJI: Shikamoo mzee.
MWENYE NYUMBA: Marahaba. Taa ya chooni inawaka tangu jana.
MPANGAJI: Nilisahau kuzima, samahani.
MWENYE NYUMBA: Hamna shida. (Anakaa.) Na mwezi umeisha. Hilo nalo umesahau?
MPANGAJI: Nivumilie mpaka Ijumaa baba.
MWENYE NYUMBA: Ijumaa ipi?

Ukiwa mwanamke mgeuze awe mama mwenye nyumba, maneno yanabaki hayo hayo, badilisha tu "mzee" na "baba".

## Hatua ya 1: Jua unauzika kama nani

Waulize watu wasiokufahamu vizuri, yule wa gengeni, fundi wa viatu, dada wa M-Pesa: ukiniona hivi, ungedhani nafanya kazi gani na nina umri gani? Usicheke wala usibishe, andika majibu. Ndugu zako usiwaulize, wao wanakujua na watakujibu kwa mapenzi.

Sababu ni kwamba muongozaji anaanza na sura kabla hujafungua mdomo. Kama sura yako inasema mwalimu wa sekondari we unaleta jambazi, dakika nzima ya kwanza anaitumia kukushangaa badala ya kukusikiliza.

Onyo kwa vijana. Kijana wa miaka 22 kujipaka unga kichwani acheze mzee wa miaka 70 mbele ya kamera ya sasa haipiti, ngozi ya shingo na mikono inasema kweli. Kwenye redio ni tofauti kabisa, kule umri ni sauti tu, kijana anaweza kuwa babu na mama wa watu wazima anaweza kuwa mtoto wa darasa la tatu. Kwahiyo andaa majibu mawili, moja la TV na moja la redio.

Umefanikiwa pale utakapoweza kuandika sentensi moja ya hivi: "Mwanaume, miaka 45 mpaka 55, mtu mwenye cheo kidogo." Basi. Ukihitaji aya nzima kujielezea hujamaliza hatua hii.

## Hatua ya 2: Nenda kamtafute mtu wa kweli

Hii ndo hatua ambayo karibu kila mtu anairuka na ndo yenye kazi yenyewe.

Chukua daftari uende mahali ambapo huyo mtu wako anapatikana. Unataka kucheza kiongozi wa mtaa, nenda kwenye ofisi ya serikali ya mtaa ukakae kwenye benchi kama mtu mwenye shida. Unataka kondakta, panda gari la Mbagala saa za jioni na usishuke kituo chako.

Alafu angalia vitu vidogo. Kuna mzee wa ofisi ya mtaa, kila barua ikifika mezani anaanza kwa kuigeuza nyuma kuona kama kuna kitu kimeandikwa, hamna, anaigeuza tena, anavuta miwani kutoka kwenye paji la uso, anasoma kwa midomo bila sauti, alafu anafungua droo anatoa muhuri, anaupulizia pumzi ya moto mdomoni, hah, ndo anagonga. Akishagonga haitoi barua. Anaishikilia kidole kimoja juu yake, anakuuliza habari za baba yako. Hapo umeshaelewa mtu huyu ni nani, cheo chake chote kiko kwenye kile kidole, na hajasema kitu chochote cha ukali.

Sasa jinsi ya kuandika. Usiandike "ana maringo". Maringo ni maoni yako na huwezi kuyaigiza, ukiyaigiza utabinua midomo tu. Andika alichofanya: "anashikilia barua baada ya kugonga muhuri, anauliza habari za baba". Hiyo unaweza kuifanya leo usiku chumbani kwako.

Kusanya kutoka kwa watu watatu tofauti, alafu changanya: mikono ya huyu, kasi ya kuongea ya yule, kicheko cha wa tatu. Ukimchukua mmoja mzima mzima utakuwa unamuiga mtu, na siku moja atajiona kwenye TV akiwa na wajukuu zake, sio haki. Na usirekodi watu kwa siri, macho na daftari vinatosha.

Onyo lingine, na hili nalisema kwa uchungu: usichukue mhusika kutoka kwa muigizaji mwingine. Napokea kina King Majuto wengi sana. Marehemu Amri Athumani, mchekeshaji aliejulikana kwa jina hilo, alitoka Tanga, alizaliwa 1948 akafariki 2018, na vile vitu vyake vilikuwa vya kwake, vilitoka kwa watu aliowaona yeye. Ukimuiga unaleta nakala, na muongozaji anayo kumbukumbu ya mwenyewe. Hivyo hivyo kwa mchekeshaji Joti. Kitu cha kujifunza kwa Joti ni kwamba yule jamaa anaweza kuwa mtoto, anaweza kuwa bibi, anaweza kuwa kijana wa mjini, na kila mmoja ana mwendo wake na pumzi zake. Jifunze hiyo tabia ya kutenganisha, vile vichekesho muachie mwenyewe.

Umefanikiwa ukiwa na ukurasa mmoja wenye vitendo kumi hivi, kila kimoja kinaweza kufanyika bila maneno.

## Hatua ya 3: Mpe sauti yake

Sauti usiibadilishe kwa kukaza koo. Badilisha vitu hivi, kimoja kimoja, huku ukisoma mistari ya mwenye nyumba:

Kimo, yaani juu au chini. Kasi. Pumzi, anavuta wapi, katikati ya sentensi au mwisho. Na mahali sauti inapokaa, kifuani, kooni au puani. Anza na kasi na pumzi maana hizo ndo zinabadilisha mtu bila kukuumiza. Mwenye nyumba anaevuta pumzi kabla ya "Ijumaa ipi" ni mtu aliechoka, anaeitoa papo hapo bila pumzi ni mtu aliekuwa anakusubiria. Mstari ni ule ule, watu ni wawili.

Lafudhi ni suala la kulifanyia kazi kwa heshima. Mfano mkubwa ninaoujua ni wa Kenya. Marehemu Benson Wanjau, aliefariki Julai 2015, ndo yule Mzee Ojwang wa Vitimbi, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya KBC. Alikuwa Mkikuyu. Miaka na miaka amecheza mzee wa Kijaluo na watu wengi wakaamini ni Mjaluo wa kuzaliwa, mpaka jina lake halisi likafunikwa. Haikutokea kwa kuongea ovyo ovyo Kiswahili kibovu. Lafudhi ina kanuni. Mtu ambae lugha ya kwanza ni Kijaluo mara nyingi "sh" inatoka "s", na ikitoka hivyo inatoka hivyo kila mahali, haiwezi kuwa "sida" kwenye mstari wa kwanza alafu "shamba" kwenye wa pili.

Kwahiyo chukua daftari uandike sauti mbili au tatu zinazobadilika kwa mhusika wako, zipigie mstari kwenye skripti nzima, na uzifuate. Kama hujakaa na watu wa lafudhi hiyo ukawasikiliza vya kutosha, achana nayo, tumia Kiswahili chako cha kila siku. Lafudhi ya kubahatisha inawadhalilisha watu na wao ndo watazamaji wako.

Onyo la kiafya: sauti ya kukwaruza ya mzee au mchawi isikuletee maumivu. Kurekodi redio kunaweza kwenda vipindi kadhaa kwa siku moja. Fanya mtihani huu, soma gazeti kwa sauti ya mhusika nusu saa mfululizo. Ukimaliza koo linauma au sauti yako ya kawaida hairudi, mhusika huyo hafai, mshushe kimo au mpe pumzi zaidi. Kunywa maji ya kawaida, na koo likishauma nyamaza kabisa, kunong'ona hakupumzishi koo.

Umefanikiwa kama mtu aliefumba macho anakwambia umri na kazi ya mhusika bila kuambiwa.

## Hatua ya 4: Mwili, na kitu kimoja cha mkononi

Mpe mhusika kitu kimoja anachoshika. Kimoja. Funguo, leso, miwani, kalamu ya sikioni. Mwenye nyumba wetu mpe rundo la funguo, asizichezeshe kila wakati, azishike kimya mistari miwili ya kwanza, alafu kwenye "Ijumaa ipi?" aziweke mezani taratibu. Umeona tofauti? Kitu kikitumika mara moja mahali pake kinasema, kikitumika kila sekunde kinasumbua.

Sasa sikilizeni hapa maana hapa ndo wanapoanguka hata walioshinda odisheni. Kwenye TV tukio moja linarudiwa mara nyingi, kwa mbali, kwa karibu, kwa upande wa mwenzako. Ukiwa umeweka funguo kwenye neno "ipi" mara ya kwanza, lazima uweke kwenye "ipi" kila mara, kwa mkono ule ule. Usipofanya hivyo mhariri hawezi kuunganisha, na atakachofanya ni kukukata, sio kwa ubaya, hana namna. Kwahiyo kwenye skripti yako chora alama ndogo kwenye neno ambalo mkono unatembea, andika K au L juu yake, kulia au kushoto.

Wa redio msiruke hatua hii mkidhani hamuonekani. Mtu aliekaa na aliesimama hawasikiki sawa, mwenye mzigo kichwani shingo imenyooka na sauti inanyooka. Simama unaporekodi na ufanye mwendo wa mhusika hapo hapo ulipo bila kuburuza miguu.

Umefanikiwa ukirudia tukio mara tano mfululizo na yule msomaji wako anasema mikono ilienda pale pale zote tano.

## Hatua ya 5: Fungua skripti

Hapa nitapita haraka. Jibu maswali matatu kwa penseli: anataka nini kwa huyu aliembele yake, anaficha nini, na anabadilika kwenye neno gani. Mwenye nyumba anataka kodi, anaficha kwamba nae anadaiwa mahali, anabadilika pale anapokaa. Hujaandikiwa kwamba anadaiwa? Ndio, hujaandikiwa, umebuni mwenyewe, na usimwambie mtu, kaa nayo tu.

Kama mhusika ni mbaya mtafutie haki yake. Waliosikiliza RTD (Radio Tanzania Dar es Salaam) miaka ya 90 wanamkumbuka Mkwaju, yule dereva wa lori wa Twende na Wakati, mchezo wa redio ulioanza 1993 kuelimisha watu kuhusu UKIMWI na uzazi wa mpango. Mkwaju aliandikwa makusudi awe mfano mbaya, wanawake kila kituo na mke nyumbani. Mhusika wa namna hiyo haonywi na sauti ya muigizaji. Ukicheza mtu mbaya huku unamlaani ndani ya sauti yako, msikilizaji anasikia mahubiri anabadilisha stesheni. Cheza mtu anaeamini kabisa kwamba yuko sawa.

## Hatua ya 6: Rekodi ya redio

Chumba kidogo chenye nguo na godoro ni bora kuliko sebule kubwa yenye vigae, maana sauti ikigonga ukuta mtupu inarudi na inasikika kama upo bafuni. Tundika blanketi moja nyuma yako na nyingine nyuma ya simu. Zima feni, chomoa friji kama iko karibu (na uweke kikaratasi mlangoni ili usisahau kuichomeka), weka simu kwenye hali ya ndege. Muda mzuri ni alfajiri kabla ya pikipiki na baada ya adhana, au usiku sana.

Simu ikae kama shubiri moja na nusu kutoka mdomoni, na iwe pembeni kidogo ya mdomo, isikutazame moja kwa moja. Sababu ni zile "p" na "b", pumzi yake ikiingia kwenye maiki inapiga bumbum na hakuna programu itakayoitoa vizuri.

Skripti isibanwe pini. Kila karatasi ikae peke yake na ukimaliza iteleze pembeni, usiifunue, maana karatasi inasikika kuliko unavyodhani. Ukitaka kupaza sauti geuza uso pembeni kidogo na urudi nyuma hatua moja, ukitaka kunong'ona sogea karibu. Usibaki pale pale ukategemea simu itajirekebisha.

Acha sekunde kadhaa za kimya mwanzoni na mwishoni. Alafu rekodi mara tatu, na ya tatu usibadilishe chochote isipokuwa msikilize zaidi msomaji wako. Mara nyingi hiyo ndo inayokuwa nzuri.

Kitu kingine cha redio tu: kama tukio lina wazee wawili, muulize msomaji atasoma kwa sauti gani ili we uende upande mwingine. Msikilizaji anaepika jikoni akichanganya nani kasema nini, anaacha kufuatilia.

Umefanikiwa kama ukisikiliza kwa hedifoni husikii chumba, unasikia mtu.

## Hatua ya 7: Rekodi ya kamera

Simu ilazwe kiubavu, picha iwe ya upana, isisimame, isipokuwa tangazo limesema vinginevyo. Kamera ya nyuma, usawa wa macho. Fremu ianzie kifuani mpaka juu kidogo ya kichwa. Ukuta nyuma yako uwe mtupu, bila kalenda, bila pazia la maua, bila mtoto anaepita.

Mwanga utoke dirishani mbele yako, sio nyuma. Ukiwa na ngozi nyeusi kama mimi na dirisha liko nyuma, simu inapima mwanga wa dirisha na uso wako unapotea kabisa, na uso ndo bidhaa. Saa mbili tatu asubuhi au saa kumi jioni mwanga ni laini. Saa saba mchana unachora vivuli vibaya chini ya macho. Gusa uso wako kwenye kioo cha simu ushikilie mpaka ijifunge hapo, isiwe inabadilisha mwanga katikati.

Msomaji asimame pembeni kabisa ya lenzi, karibu mpaka bega lake liguse stendi. Muangalie yeye, usiangalie lenzi. Asome kwa sauti ya chini kuliko yako kwasababu yuko karibu na simu, asiigize, na asikuwahi.

Utambulisho uwe klipu ya peke yake: jina, mji unaoishi, umri unaoweza kucheza, lugha unazoongea, urefu wako. Tabasamu la kawaida. Geuka kulia, geuka kushoto, basi. Usiweke muziki, usiweke maandishi yanayopita, na usiweke zile rangi za kulainisha ngozi. Wanataka kuona mikunjo yako, kwa kazi hii mikunjo ni mali.

Cheza kwa udogo. Kamera iko karibu kuliko mtu wa siti ya mbele ukumbini. Pale ulipotaka kupiga meza, jaribu kuacha kupumua. Pale ulipotaka kulia, jaribu kujizuia usilie. Waigizaji wanaotoka kwenye majukwaa, mashuleni na kwenye ngonjera wanapata shida hapa, na dawa yake ni kurekodi tukio zima ukiwa kama unaongea kwenye chumba ambacho kuna mtu amelala na hutaki aamke, alafu unapandisha kidogo kidogo mpaka ifike.

Na wakati mwenzako anaongea wewe bado unacheza. Nimeona watu wanasubiri zamu yao macho yamekufa. Kwenye Vioja Mahakamani, kile kipindi cha vichekesho cha Kenya, wale washtakiwa kina Makokha, angalia wakiwa kizimbani wanasomewa shtaka, nusu ya mchezo iko kwenye uso wa mtu ambae hata hajapewa nafasi ya kuongea.

Toa teki mbili (teki ni rekodi moja ya tukio zima) zinazotofautiana kweli, sio moja nzuri na moja ile ile tena. Ya kwanza mwenye nyumba anaehurumia, ya pili mwenye nyumba alieishiwa uvumilivu. Hapo muongozaji anajua unaweza kuelekezwa.

## Hatua ya 8: Kagua mara mbili

Mara ya kwanza funika kioo cha simu usikilize tu. Maneno yote yanasikika? Mtu yule yule mwanzo mwisho?

Mara ya pili zima sauti uangalie tu. Je, unaelewa huyu mtu anataka nini? Macho yanahama hama? Mkono unafanya kitu ambacho hukukipanga?

Ikifeli moja rudia hatua husika, usirudie zote.

## Hatua ya 9: Tuma kama mtu wa kazi

Faili lipewe jina lako, mhusika na namba ya teki. Sio VID_0047. Kwenye WhatsApp tuma kama dokumenti, ukituma kama video ya kawaida inabanwa na ubora unashuka, au weka Google Drive utume linki na uhakikishe imefunguliwa kwa mwenye linki. Jaribu linki kwa simu ya mtu mwingine kabla hujatuma.

Meseji iwe fupi:

"Habari za kazi dada. Naitwa fulani, naishi Temeke. Nimeona tangazo la nafasi ya mlinzi. Nimeambatanisha utambulisho na teki mbili, zote hazizidi dakika tatu. Umri wa kucheza 45 mpaka 55. Nipo huru tarehe zote mlizotaja. Asante kwa muda wako."

Kama ni mtu mzima kwako anza na shikamoo, haipunguzi kitu. Usitume saa sita usiku, usitume "umeiona?" kesho yake. Subiri wiki mbili, alafu ulizia mara moja.

Onyo kubwa. Odisheni ya kweli haiuzwi, ukiambiwa tuma hela ya fomu ondoka. Ukiambiwa odisheni inafanyika gesti usiku ondoka, na kwa sheria ya Tanzania ya kuzuia rushwa ya 2007 kutumia cheo kudai ngono ni kosa la jinai, TAKUKURU wanapokea simu bure namba 113. Mwende wawili wawili kwenye odisheni za ana kwa ana, hasa wadada, na hakuna muongozaji wa maana atakaekasirika kwa hilo.

## Hatua ya 10: Wakikupigia

Uliza kabla ya kusema ndio: malipo ni kwa siku au kwa kipindi? Yanalipwa lini? Nauli na chakula vya nani? Tukirekodi usiku narudije nyumbani? Na muhimu kuliko zote, kazi ikirudiwa kuonyeshwa au ikiuzwa kwingine, kuna chochote? Haki za muigizaji zimo kwenye Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999, ila sheria haikusaidii kama ulisaini karatasi bila kusoma. Omba mkataba ulale nao usiku mmoja. Wakisema hamna mkataba, andika makubaliano kwenye meseji uwatumie, "kama tulivyoongea, ni hivi na hivi", wakijibu sawa una kitu cha kushika.

Siku ya kazi fika kabla ya muda, mistari kichwani, nguo ya mhusika umeipiga pasi au umeikunja kama anavyovaa yeye. Usimfundishe muigizaji mwenzako. Ukikosea mstari usicheke wala usiombe radhi ndefu, rudi kwenye nafasi yako subiri teki nyingine.

Ukirudi nyumbani fungua daftari uandike kila kitu ulichofanya: kasi ya sauti, mkono gani, nywele zilikuwaje, ulivaa saa au hukuvaa, funguo zilikuwa ngapi. Wanaweza kukuita tena baada ya miezi sita wakisema yule mwenye nyumba karudi, na mtu wa mavazi wa zamani ameshaondoka, hamna anaekumbuka. Ukurasa huo upige na picha kwa simu, utumie kwenye barua pepe yako mwenyewe.

Na wakati unasubiri kuitwa, rudi hatua ya 2 umtengeneze wa pili, asiefanana na huyu kabisa. Kama wa kwanza ni mwenye cheo, wa pili awe anaeomba.